Nyumba ya Fuoni: milioni 90 kwa mafungu, 78 nikilipa mkupuo kabla ya Ijumaa. Kuna nini hapo?

#1 MwanaFuoni
Assalaam alaykum. Nataka macho ya watu zaidi ya yangu.

Kuna nyumba Fuoni, hapa Unguja, inaingia ndani kidogo kutoka barabara kuu. Vyumba vitatu, ukumbi, choo cha ndani na cha uani, kisima, ukuta umezunguka pande tatu na wa nne ni wa jirani. Mwenyewe anataka milioni 90, yuko radhi kupokea kwa mafungu matatu ndani ya mwaka, 30 kila fungu. Nikamwambia dalali mimi ninazo zote, sina haja ya mafungu. Akaenda kuzungumza naye, hazikupita saa mbili akarudi: "Zote taslimu kabla ya Ijumaa, 78."

Yaani neno moja tu, taslimu, limekata milioni 12. Nimekaa Muscat miaka tisa, najua 12 zinapatikanaje. Furaha ilinishika kama dakika kumi, kisha nikaanza kujiuliza mtu anaachia pesa yote hiyo kwa sababu gani.

Mkononi nina 83 jumla. Sidaiwi na benki, silipi riba, hakuna atakayekuja kunitoa. Nilidhani kununua nyumba kwa pesa yako mwenyewe ndiyo raha ya roho. Mbona silali?

#2 Chaza
Chukua. Mafungu matatu maana yake la kwanza atalila, la pili utalichelewesha, la tatu mtakutana kwa sheha. Mwenye nyumba anayajua hayo. Hizo 12 ni bei ya usingizi wake, kakuuzia na wewe hutaki kulala! Maulidi ya kuhamia utualike.

#3 Karani Mstaafu
Mwanangu, punguzo liweke pembeni kwanza. Umeona karatasi gani? Hati iliyosajiliwa, au waraka wa mauziano wenye muhuri wa sheha? Na jina lililomo ni la anayeuza?

Tuelewane na lugha pia. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, imewekwa chini ya Rais kwa niaba ya wananchi. Ndivyo ilivyo tangu baada ya Mapinduzi, na Sheria ya Ardhi nambari 12 ya 1992 ikakariri hivyo hivyo. Wewe unanunua jengo na haki ya kuitumia ardhi iliyo chini yake. Haki hiyo haihami kwa kuhesabiana noti barazani, inapita Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Sasa niambie, hiyo Bodi itakaa lini kabla ya Ijumaa?

#4 MwanaFuoni
Ami Karani, karatasi nimeiona kwenye simu ya dalali, picha. Jina ni la baba yake. Baba keshafariki. Dalali anasema watoto wamekubaliana wote.

#5 Shangazi Zuu
"Wamekubaliana wote." Wote wangapi?

Kaka yangu alinunua nyumba Jang'ombe kwa milioni 40, mkono kwa mkono, kwa mtoto mkubwa wa marehemu. Huyo mtoto ndiye aliyekuwa na funguo, ndiye aliyekuwa akipokea kodi, mtaa mzima ukimwita mwenye nyumba. Kaka yangu akanunua, akapaka rangi, akahamia. Miezi sita baadaye, siku ya Jumapili, mlango unabishwa. Mwanamke ametoka Dar es Salaam na boti ya asubuhi, mtoto mgongoni, begi chini. Anasema: "Nimekuja nyumbani kwetu."

Watoto walikuwa watatu, wanaume wawili na yeye. Hakusaini kitu, hata kuambiwa hakuambiwa. Wakaenda kwa Kadhi. Fungu lake likatoka khumsi, moja ya tano, milioni 8, na aliyelipa ni kaka yangu, kwa sababu muuzaji pesa alikwishazila. Nyumba moja kainunua mara moja na khumsi! Na lililomuuma zaidi ni kwamba alilipa noti. Muuzaji alisimama akasema alipokea 32 tu, na karatasi waliyoandikiana ilitaja "bei waliyokubaliana" bila ya tarakimu.

#6 Pweza
Bi Zuu hesabu yako haijakaa. Mjane wa marehemu yuko wapi? Thumni yake inatoka kwanza, milioni 5, zinabaki 35, mafungu matano ya 7. Binti anapata 7, hapati 8.

#7 Shangazi Zuu
Mama yao alitangulia kufa kabla ya baba. Wewe Pweza ulitaka nimfufue ili hesabu yako ikae?

#8 FundiKombo
Nyie mnahangaika na karatasi, nyumba yenyewe nani kaiangalia? Sasa hivi ni kiangazi. Sehemu za Fuoni na kule Mwanakwerekwe zina mabonde, masika maji yanatafuta njia yake ya zamani na humkuti mtu wa kumshitakia. Anayeuza nyumba ya bondeni anaijua kalenda kuliko dalali. Akipitisha Machi hajauza, wateja watakuja na viatu mkononi.

Tazama ukuta wa ndani kwa chini, kimo cha goti. Rangi ikiwa mpya hapo chini tu na juu ni ya zamani, ishakuambia. Weka kiganja. Ukuta uliokunywa maji unabaki baridi hata saa nane mchana. Nenda kwenye boriti ya zege ya barazani uangalie kama imepasuka kwa urefu, kando ya nondo. Nyumba nyingi zimejengwa kwa mchanga wa pwani ambao haukuoshwa, chumvi inakula nondo, nondo inavimba, zege inabanduka. Marekebisho yake si ya lipu.

Na maji ya kisima yaonje. Usiulize, yaonje.

#9 BintiChake
Fundi kwako nyumba zote zinavuja, ungeoa, hata bibi harusi ungemkagua nondo.

Mie naona hakuna siri. Mtu kabanwa. Ana mgonjwa wa kupelekwa India, au ana deni la duka. Kwetu Pemba nyumba nyingi hununuliwa hivi hivi na hakuna anayeshangaa. Wakati wa karafuu, watu wamepeleka ZSTC, shirika la serikali linalozinunua, wamelipwa, pesa iko mtaani, mwenye nyumba anakaza bei. Msimu ukiisha, yule yule aliyetaka 50 anakwambia nipe 38 nimalize. Wala si mwizi yakhe, ni mtu aliyefika mwezi mbaya. Ndiyo maana wengi kwetu hawanunui nyumba iliyosimama. Msimu huu msingi, msimu ujao ukuta, wa tatu bati, na ukiwa mbaya mikarafuu isizae, nyumba inakaa miaka minne inaota mpapai ukumbini. Lakini hudaiwi.

#10 Mtu wa Mkunazini
Sikubaliani na dhiki. Mtu mwenye dhiki angetaka mafungu yaanze leo, hata la kwanza tu la 30 lingemtibu mgonjwa.

Mimi naona hivi. Nyumba yenye jina la marehemu haiwezi kwenda benki. PBZ ipo tangu 1966, ina huduma ya Kiislamu, wapo watu wamenunuliwa nyumba kwa murabaha, yaani benki inainunua kisha inakuuzia kwa faida. Lakini benki yoyote kitu cha kwanza inakitaka hati safi. Basi nyumba kama hii wanunuzi wake ni mtu mwenye keshi tu, na watu wenye milioni 80 chini ya mto si wengi. Kwa hiyo ile 78 ndiyo bei ya nyumba. Ile 90 ni pambo tu. Hujapunguziwa chochote, ndugu yangu.

#11 Pweza
Murabaha ni riba iliyovaa kofia ya kiua.

#12 Mwalimu Saa Kumi
Pweza, taratibu. Anayekukopesha 78 ukamrejeshea 90 kala riba. Anayeinunua nyumba, ikaingia katika miliki yake na dhamana yake, kisha akakuuzia kwa 90 inayojulikana na isiyoongezeka ukichelewa, huyo kauza. Ila kama benki haikuwahi kuimiliki hata kwa saa moja, ni karatasi tu zimepitishwa mezani, hapo maneno yako yana nafasi.

Na wengi hawajaligusa hili: huyo muuzaji naye katoa bei mbili, 78 ya papo hapo na 90 ya muda. Wanazuoni wengi wanalijuzisha kwa sharti moja, kwamba msiachane kabla ya kukata ipi. Mkiondoka mmeshikana mikono bila ya kukata, mmeingia katika mauzo mawili ndani ya uzo mmoja, na hilo limekatazwa.

Jengine dogo, mwanangu MwanaFuoni. Hizo 83 zimekaa kwako muda gani? Zikitimiza mwaka wa Kiislamu zina zaka, robo ya ushuri, 2,075,000. Usiiingize zaka katika bei ya nyumba.

#13 MwanaFuoni
Zaka nimeshatoa Ramadhani, Mwalimu, alhamdulillahi. Nyinyi wengine mnaniongezea tu kukosa usingizi.

#14 MtuWaMuscat
Ngoja nikuongezee vizuri basi, maana nimepita hapo.

Nilirudi 2019 na pesa zangu zote, nikanunua Kisauni kwa mkupuo. Nilijiona bwana. Baraza yangu, mlango wangu, kodi silipi. Mwezi wa kwanza nguzo ya umeme iko mbali, nikanunua waya. Mwezi wa pili pampu ya kisima ikaungua. Wa tatu mke wangu akajifungua kwa upasuaji, na mfukoni nina laki mbili. Milioni 61 ziko ukutani, siwezi hata kubandua moja nikalipe dawa! Nikataka kuuza. Miezi mitano dalali ananiletea watu wanaokunywa chai yangu na kusema 40, 42. Mwishowe nilikopa kwa shemeji.

Wewe una 83, nyumba 78, zinabaki 5. Toa udalali, gharama za kuhaulisha, ushuru wa stempu, wakili kama unaye, kubadilisha jina la mita ya umeme ya Tukuza. Kitanda utanunua na nini?

Ungechukua mafungu. 30 leo, 53 unazo mkononi unafungua hata duka la vipuri.

#15 Chaza
Piga hesabu kabla ya kumpoteza kijana. Akilipa mkupuo ni 78. Akitoa 30 leo, zilizobaki za kweli ni 48, lakini atazilipa 60. Ziada ya 12 juu ya 48 ni robo nzima, asilimia 25, na zote zinaisha ndani ya mwaka. Duka gani la vipuri litakulipa hivyo mwaka wa kwanza? Mwenye nyumba huyu ni ghali kuliko benki yoyote.

#16 Shangazi Zuu
Na mimi nasema hizo 12 ni bima. Mwaka mzima una 60 za watu mkononi mwako. Akitokea dada yake kwenye boti, humlipi wewe. Unamwambia kaka mtu: haya, malizaneni kwanza. Kaka yangu angekuwa amelipa kwa mafungu angepona.

#17 Mtu wa Mkunazini
Hapo Bi Zuu umesema.

#18 Bi Mkubwa wa Magomeni
Mimi sina hoja ya sheria, ila nimeshauza. Mnamsema muuzaji kama jini, sikieni na upande wake.

Niliuza nyumba ya marehemu mume wangu kwa 55 na nilikuwa nataka 65. Nilipunguza kwa sababu nilichoka. Miezi minane watu wanaingia chumbani kwangu, wanafungua kabati, wanagonga ukuta kama wanagonga nazi, wanasema "tutarudi". Alipokuja mtu mmoja akasema ninazo zote, wallahi ningempa hata 52. Nilitaka waishe kuingia chumbani kwangu.

Siku ya malipo alikuja baada ya isha na mkoba wa skuli wa mwanawe, wa buluu, una picha ya gari. Noti yetu kubwa ni ya elfu kumi, bunda la noti mia ni milioni moja, basi mabunda 55 juu ya mkeka. Sisi watu sita: yeye, nduguye, dalali, mwanangu, balozi wa nyumba kumi na mimi. Tumefika la thalathini na kitu, umeme ukazimika. Hakuna aliyesema neno. Kila mtu kaweka mikono juu ya mabunda yaliyo mbele yake, kiza totoro, unasikia pumzi tu na mbu. Dalali akawasha tochi ya simu. Tukaanza upya kuanzia moja. Bunda moja lilikuwa na noti 97, mnunuzi akatoa elfu thalathini mfukoni, tukamaliza saa tano na nusu.

Usiku ule nililala na mkoba kifuani. Asubuhi napeleka benki kwa teksi, karani ananiuliza zimetoka wapi, lete karatasi ya mauzo. Karatasi kachukua dalali akatoe kopi! Nilikaa kwenye kile kiti hadi adhuhuri.

#19 Karani Mstaafu
Bi Mkubwa, umenichekesha na umenitisha. Ndiyo maana nawaambia vijana, taslimu si lazima iwe noti. Taslimu ni kulipa yote. Unaweza kulipa yote kutoka akaunti hadi akaunti, benki ikaandika tarehe na tarakimu, na siku ya Kadhi au ya Mahkama ya Ardhi huna haja ya mashahidi sita wa kizani. Muuzaji akikataa kata kata pesa isipite benki, muulize sababu, kisha usikilize anavyojibu.

#20 MwanaFuoni
Dalali kasema noti. "Mzee hapendi mambo ya benki."

#21 FundiKombo
Mzee si kafa? Mzee yupi huyo?

#22 Pweza
😂😂😂

#23 MwanaFuoni
Mtoto mkubwa. Wanamwita Mzee. Ana miaka 60 na kitu.

#24 Mtani wa Bara
Samahani wakuu, nimepita tu. Huku kwetu nyumba kama hiyo kwa 78 ningeshailipia. Jamaa asipoichukua mnipe namba ya dalali.

#25 BintiChake
Haya kaja. Mpeni kahawa kwanza.

#26 Karani Mstaafu
Karibu ndugu yetu, ila kwa sheria ile ya 1992 haki ya matumizi ya ardhi hupewa Mzanzibari aliyetimiza miaka 18. Wengine mlango wao ni miradi inayopita ZIPA, mamlaka ya uwekezaji, zile nyumba za Fumba na kwengine, kwa ukodishaji wa muda mrefu hadi miaka 99. Mgeni wa nje ya nchi akinunua huko kuanzia dola 100,000 anapata na kibali cha ukaazi. Huko noti zako zitapokelewa vizuri sana.

#27 Mtani wa Bara
Dola laki moja! Nitakunywa hiyo kahawa niondoke.

#28 Chaza
Na hapo ndipo penye jibu lenu labda. Watu wa mjini siku hizi wanauza nyumba ya urithi ya Fuoni, Mombasa ya hapa Unguja, Kwarara, wakalipie flati Fumba. Malipo ya kwanza yana tarehe yake. Huenda Ijumaa ya Mzee si ya dhiki wala ya ulaghai, ni tarehe ya mkataba.

#29 Shangazi Zuu
Mzee asiyependa mambo ya benki ananunua flati Fumba? Chaza, kunywa maji.

#30 Mwalimu Saa Kumi
Mmemsahau mwenye shufaa. Kama warithi hawajagawana na mmoja akauza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika wake ana haki ya kulichukua kwa bei ile ile. Hapo ndipo pupa inapoingia. Ndugu mmoja huenda anataka nyumba ibaki kwa ukoo lakini hana pesa leo, na mwengine anataka kumaliza kabla mwenzake hajazipata.

#31 Pweza
Na jirani wa ule ukuta wa nne naye ana shufaa.

#32 Mwalimu Saa Kumi
Kwa Mahanafi. Kwetu Mashafii shufaa ni ya mshirika, jirani hana. Umesoma nusu ya ukurasa tena.

#33 Karani Mstaafu
Kuna kitu cha zamani kinanijia kila ninaposoma uzi huu. Watu husema Wazanzibari hatuna mazoea ya kununua kwa mkopo, kama kwamba hatukuwahi. Tulikuwa nao, tena ulitutafuna. Enzi za Sultani na Waingereza mwenye shamba la mikarafuu akihitaji pesa alimwendea tajiri mjini, na ili isionekane riba wakaandikiana bei ya khiyari. Shamba "limeuzwa", mwenyewe ana khiyari ya kulikomboa ndani ya muda fulani, na huku analilipia kodi kama mpangaji wa shamba lake mwenyewe. Karafuu zikishuka bei, muda ukapita, limekwenda. Hadi katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ililazimika kusimamisha madai ya madeni hayo na kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo. Bibi yangu hadi anakufa akisikia neno "rehani" anatema mate. Pengine hiki kiburi chetu cha taslimu kimetoka huko, si msikitini tu.

#34 BintiChake
Ami, au labda hatuna tu mishahara ya kukopeshewa.

#35 Mtu wa Mkunazini
Nami niongeze ya huku kwetu ndani ya Mji Mkongwe, maana kuna watu wananunua taslimu wakidhani wamemaliza. Jirani alinunua nyumba ya ghorofa mbili kwa bei ya kutupa. Boriti zimeoza, chokaa imeachia mawe. Hawezi kubomoa wala kutia zege atakavyo, lazima Mamlaka ya Hifadhi impe kibali, huu ni urithi wa dunia tangu 2000. Pesa zote kamaliza kwenye kununua. Sasa ana nyumba yenye mlango wa njumu, na juu ya ukumbi ana turubali. Hapo tena unaangalia kama sehemu ya nyumba si ya wakfu. Nenda Kamisheni ya Wakfu uulize, hata kwa ya Fuoni, haikugharimu kitu kuuliza.

#36 MwanaFuoni
Nimekwenda kwa sheha leo. Warithi ni watano. Watatu wapo hapa, mmoja Wete kule Pemba, mmoja Sohar kule Oman. Wa Wete nimempigia, kasema yeye "hana neno" na simu ikakatika. Wa Sohar hapokei.

Nikamuuliza sheha, jee hii nyumba ninunue? Akanitazama, akasema: "Nyumba naijua, na mzee wao nilikuwa namjua." Basi. Akaendelea kugonga muhuri karatasi za mtu mwengine.

#37 Shangazi Zuu
Kakuambia usinunue.

#38 Chaza
Kakuambia nyumba ni halali, anaijua na mwenyewe alikuwa anamjua! Atake nini tena?

#39 Karani Mstaafu
Hakusema lolote, na hiyo ndiyo kazi yake. Mwanangu, waambie watano hao, au mawakala wao kwa maandishi, wakae pamoja, mirathi ifunguliwe, jina litoke kwa marehemu liende kwao. Hapo hata 85 lipa. Leo hata 60 ni nyingi.

#40 BintiChake
Wa Wete kusema "sina neno" na simu ikakatika, mie namuelewa. Kwetu maana yake ana maneno mengi na salio dogo.

#41 MtuWaMuscat
Sohar mimi nina watu. Nitumie jina lake faragha, nitamtafuta.

#42 MwanaFuoni
Mrejesho. Ijumaa imepita, sikulipa. Dalali alinipigia baada ya sala, kasema nimechelewa, kapatikana mtu wa 80 na atalipa jioni. Nikasema kheri. Usiku ule nililala vizuri, sikufichi.

Leo Jumatano kanipigia tena. Yule mtu kasafiri. Bei sasa ni 74.

#43 Pweza
74! Wiki ijayo watakulipa wewe uhamie.

#44 BintiChake
Nilisema kabanwa. Bei inashuka, mtu anazama.

#45 Mtu wa Mkunazini
Au hakukuwa na mtu wa 80 tangu mwanzo. Soko la keshi ndilo hilo linaongea, 78 nayo ilikuwa pambo.

#46 Shangazi Zuu
Au yule wa Sohar anarudi.

#47 MtuWaMuscat
Wa Sohar nimempata kwa mtu wa tatu. Anasema Fuoni wana nyumba mbili. Ipi inauzwa?

#48 MwanaFuoni
Mbili?? Mimi nimeonyeshwa moja.

#49 FundiKombo
Mnaendelea na bei tu. Kijana, ulikwenda kuangalia kama nilivyokuambia? Maji ya kisima uliyaonja?

#50 MwanaFuoni
Niliyaonja, fundi. Matamu kabisa. Ila nilipofika ndoo ilikuwa ishachotwa, imewekwa barazani na kata juu yake. Kisima chenyewe kina kufuli, na funguo hawakuiona.